Jaruba la mchanga: sato na mboga kwa maji yale yale

Kama umeshaamua kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yale yale, usianze na samaki. Usianze na pampu wala tenki. Anza na mchanga, tena ukiwa bado uko korongoni, haujapakiwa kwenye lori. Mimi nilianza na samaki, mchanga nikaununua mwishoni kama mtu anayekumbuka chumvi akiwa njiani kurudi nyumbani. Iliniponza, na nitaeleza hapo chini.

Niko Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa mwaka na kukatika Aprili hivi, na kwa wastani haizidi sana milimita 600. Kuanzia Mei bustani ni ndoo na mgongo. Mfumo huu ulinivutia kwa sababu maji yake hayamwagwi. Samaki anakula na kunya. Uchafu wake unatulia chini ya tenki. Pampu inauvuta pamoja na maji na kuumwaga kwenye mifereji iliyochorwa juu ya jaruba la mchanga. Mchanga unakamata uchafu juu juu, kama chujio linavyokamata majani ya chai. Maji yanashuka, yanatokea chini yakiwa safi, yanarudi kwa samaki. Katikati ya safari hiyo bakteria wanaoishi kwenye chembe za mchanga wanaigeuza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kuwa naitraiti na kisha naitreti, ambayo mmea unaila. Maji yanayopungua ni yale tu ambayo mboga imeyanywa na jua limeyapandisha.

Wazo lenyewe lina historia. Katikati ya miaka ya 1980, Mark McMurtry, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani pamoja na Profesa Doug Sanders, aliunganisha matenki ya perege chotara na majaruba ya mchanga, akapanda maharage, nyanya na matango. Walijaribu uwiano mbalimbali kati ya maji ya samaki na mchanga, na vipimo vingi ninavyovitumia hapa chini vimetokana na kazi hiyo. Zile akwaponiki (mifumo ya samaki na mboga) za kokoto ambazo watu wengi wanazijua zilienea baadaye. Sizidharau, ila kwa mtu wa kipato chetu mchanga una faida mbili: hauhitaji chujio la pembeni, na umeme ukikatika siku nzima unabaki na unyevu wa kutosha mboga isinyauke.

Hatua ya 1: Uhoji mchanga

Unatafuta mchanga usio na udongo, usio na chokaa, na usio laini mno. Chembe nyingi ziwe kati ya nusu milimita na milimita 2. Kwa lugha ya jikoni, kuanzia punje za sukari hadi chenga za mchele. Ukiwa laini kama unga, maji hayapiti na hewa haiingii. Ukiwa mkubwa kama mahindi, uchafu wa samaki unapenya hadi chini na kuozea huko ambako huwezi kuufikia.

Nenda unakochotwa mchanga na vitu vitatu: chupa ya kioo yenye kifuniko, siki, na chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako.

Jaza chupa ya kioo mchanga hadi katikati, ongeza maji, funga, tikisa kwa nguvu, iweke chini. Mchanga mzuri unatulia mara moja na maji yanaanza kung'aa ndani ya dakika chache. Ukirudi baada ya saa moja ukakuta tabaka la tope juu ya mchanga, nene kuliko kucha, mchanga huo unahitaji kuoshwa au kuachwa. Ukiacha maji hadi kesho yake na bado yana rangi ya chai ya maziwa, usijadiliane nao.

Halafu mimina siki kwenye kiganja cha mchanga mkavu, usogeze sikio. Ukisikia unachemka au ukaona mapovu, una chokaa. Watu wa Pwani, Tanga, Unguja na Mombasa wasikilize hapa: mchanga wa ufukweni umejaa vipande vya makombe na matumbawe, mbali na chumvi yake. Chokaa hiyo itayeyuka polepole kwa miaka, itashikilia pH (kipimo cha uchachu wa maji) karibu na 8, na mmea hautaweza kunyonya madini ya chuma hata yakiwepo. Utaona majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani na utamlaumu mwenye mbegu. Sisi wa Dodoma tuna bahati kidogo: makorongo yetu yanateremsha mchanga uliosagika kutoka kwenye yale mawe makubwa ya itale unayoyaona kila kilima, na mwingi wake haujali siki hata kidogo.

Mtihani wa tatu ni wa kupitisha maji. Toboa matundu madogo kwenye kifuniko cha chupa ya plastiki, igeuze kichwa chini, weka kitambaa chepesi mdomoni, ijaze mchanga hadi karibu na juu. Mimina maji mara moja ili mchanga ulowe na kujipanga, halafu mimina tena kikombe kimoja. Maji hayo yanapaswa kuzama mbele ya macho yako. Ukiwa na muda wa kupiga soga huku yamesimama juu, tafuta korongo lingine.

Mimi sikufanya hata mmoja. Niliagiza kwa simu, lori likaja, dereva akashusha. Nilipouliza kama mchanga ni msafi alinitazama kwa huruma. "Mama, nyumba zote hizi zimejengwa kwa mchanga huu." Na alisema kweli, ila nyumba hainywi maji mara nane kwa siku. Wiki ya pili maji yakawa yanakaa mferejini saa nzima baada ya pampu kuzima. Wiki ya tatu kukawa na harufu ya yai viza. Asubuhi samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Nilipochimba nilikuta tope jeusi kuanzia kina cha kiganja kwenda chini: hewa ilikuwa imekwisha humo ndani, bakteria niliowataka wamekufa na wale wasiotakiwa wamehamia. Tani tatu zilitoka kwa toroli, siku mbili, vijana wawili, na jirani mmoja aliyesimama uzioni akiuliza kama nimebadilisha biashara.

Mchanga wenye tope kidogo unaweza kuoshwa. Weka kwenye toroli, ingiza mpira wa maji hadi chini, acha maji yafurike huku unakoroga kwa jembe mpaka yanayomwagika yawe safi. Ni kazi, na inakula maji mengi, kwa hiyo hesabu kwanza kama si nafuu kulipa lori liende mbali zaidi.

Hatua ya 2: Hesabu ya tenki na jaruba

Kanuni ya kushika ni hii: kwa kila ujazo mmoja wa maji ya samaki, weka ujazo kama mbili za mchanga. Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni wa tenki la lita 1,000, kwa sababu linaingia kwenye ua wa kawaida.

Lita 1,000 ni mita moja ya ujazo, kwa hiyo tunahitaji kama mita 2 za ujazo za mchanga. Jaruba lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5 lina eneo la mita 6 za mraba. Kina chake kikiwa sentimita 30 upande wa juu na 35 upande wa kutokea maji, unapata mita 1.95 za ujazo. Inatosha. Upana wa mita 1.2 haukuchaguliwa kwa uzuri: ni mkono wa mtu mzima kutoka kila upande, ili usilazimike kukanyaga mchanga. Mchanga uliokanyagwa unashikana, na ukishashikana maji yanatafuta njia nyingine.

Mchanga huo ukiwa mkavu una uzito wa tani 3 au zaidi kidogo, na ukilowa unaongezeka. Kwa hiyo jaruba linakaa ardhini. Nimeona picha za watu wanaojenga juu ya meza za mbao au kwenye paa la zege. Wao na mainjinia wao.

Tenki liwe chini ya jaruba ili maji yarudi yenyewe. Shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.3, na maji yakisimama kina cha sentimita 80 katikati ya mteremko wake, ni lita elfu moja na kidogo. Kitako kisiwe bapa. Kiteremshe kuelekea sehemu moja, ambako pampu itakaa, kwa sababu tunataka uchafu ujikusanye pale na kuvutwa. Tenki lenye kitako bapa linaacha kinyesi pembeni kikioza, na hapo mfumo mzima unapoteza maana: mbolea iko kwa samaki na mboga zina njaa.

Hatua ya 3: Ujenzi

Kwa kuta za jaruba tumia tofali za saruji, mistari miwili, au udongo ulioshindiliwa. Mbao huku kwetu ni chakula cha mchwa. Saruji nayo ina chokaa, kwa hiyo maji yasiiguse kabisa; ndani unatandika nailoni nzito, ile inayouzwa kwa ajili ya mabwawa. Kabla ya kuitandika pitisha mkono sakafuni ukitoa kila kijiwe, halafu tandaza viroba vya zamani. Tundu dogo kwenye jaruba si jambo dogo. Pampu itakuwa inahamisha maji kutoka kwa samaki kwenda ardhini, polepole, siku baada ya siku, na utagundua tenki limebaki robo.

Sakafu ya jaruba iteremke kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Nusu sentimita kwa kila mita inatosha kwenye karatasi. Fundi wa mtaani mwombe sentimita moja, utapata nusu. Katikati ya sakafu, kuanzia juu hadi chini, laza bomba la inchi 2 lililochanjwa kwa msumeno kila baada ya vidole vitatu, chanjo zikitazama chini, likiwa limezungushiwa wavu wa kivuli mara mbili na kufunikwa kwa kokoto ndogo zilizooshwa. Usilifunge kwa kitambaa kizito. Kitambaa kinaziba, na kikiziba kiko chini ya tani tatu.

Sehemu bomba linapotoboa nailoni ndiyo dhaifu kuliko zote. Tumia kiungio cha tenki chenye mpira ndani na nje, kaza kwa mkono, kisha jaza maji sentimita kumi bila mchanga na uache usiku kucha. Asubuhi kukiwa na unyevu nje, shukuru kwamba umejua leo.

Bomba lirudi tenkini likiwa juu ya usawa wa maji, angalau kiganja kimoja, ili maji yaanguke na kupiga kelele. Ile kelele ni hewa inayoingia majini. Zungushia tenki ukuta wa tofali moja au mbili ili maji ya mvua ya uani yasiingie, na uweke bomba la kufurikia linaloelekea kwenye migomba au mpapai. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya jaruba la mita 6 za mraba inaleta lita 300 ambazo lazima zipate pa kwenda. Funika tenki kwa wavu imara uliofungwa: kwa ajili ya mdiria, kwa ajili ya paka, na zaidi ya wote kwa ajili ya watoto. Sehemu kubwa ya tenki iwe kivulini, la sivyo maji yatageuka kijani.

Hatua ya 4: Usawa, mifereji na matuta

Hapa ndipo ubunifu wote ulipo, na ndipo watu wanapoharakisha.

Sakafu inateremka, lakini uso wa mchanga lazima uwe sawa kabisa. Fundi aliyenisaidia mara ya pili hakuwa na kifaa chochote cha maana. Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita saba hivi, akaujaza maji, akatoa mapovu kwa kuugongagonga kwa kucha, akanipa ncha moja. Yeye akaenda na nyingine mwisho wa jaruba. Maji ndani ya mpira yalipotulia aliweka alama ukutani, nami nikaweka yangu. "Maji hayadanganyi, mama," akasema. Tukafunga kamba kwenye alama hizo na kusawazisha mchanga kwa ubao kufuata kamba. Mfereji wenye mwinuko wa sentimita mbili tu mwisho mmoja unaacha mboga za huko na kiu wakati za mwanzo zinaogelea.

Upana wa sentimita 120 unagawanyika hivi: tuta la sentimita 20 kando ya ukuta, mfereji wa 20, tuta la katikati la 40, mfereji wa 20, tuta la 20 upande wa pili. Matuta yako kandoni kwa makusudi. Maji yakigusa ukuta yanateleza kando ya nailoni moja kwa moja hadi chini bila kuchujwa. Kina cha mfereji kiwe sentimita 10 hadi 12. Kitako chake kiwe bapa, kisiwe na umbo la ncha.

Mboga haipandwi mferejini. Inapandwa begani mwa tuta, mahali mizizi inafikia unyevu huku shina likiwa pakavu. Kilele cha tuta kisiloe kamwe. Kikiwa kikavu, magugu hayaoti na ukungu wa shingo ya mche unakosa makao. Mbegu za mchicha ukizisia juu ya tuta hazitaota kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo pandikiza miche, au sia begani na uinyunyizie kwa mkono mpaka iote. Tuta la katikati linabeba mistari miwili, ya kando mmoja mmoja. Ni mita 20 za mstari. Chainizi ukizipanda kwa nafasi ya sentimita 30 zinaingia kama 65.

Hatua ya 5: Pampu na taima

Mchanga unamwagiliwa kwa vipindi, haumwagiliwi mfululizo. Kila baada ya saa mbili, kuanzia alfajiri, mara nane kwa siku, na kila mara unapeleka robo ya maji ya tenki. Kwetu ni lita 250. Usiku pampu inalala. Kila maji yanaposhuka yanavuta hewa mpya nyuma yake kati ya chembe za mchanga, na hewa hiyo ndiyo uhai wa mizizi na wa bakteria. Ukimwagilia bila kupumzika umejenga kinamasi.

Lita 250 kwa dakika 15 ni kasi ya lita 1,000 kwa saa. Nunua pampu inayoandikwa 1,500 hadi 2,000, kwa sababu ile namba ya kwenye boksi ni ya maji yasiyopanda popote. Weka koki kwenye bomba la kupandisha, kisha pima: ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 72. Ikijaa haraka zaidi, kaza koki. Gawa bomba mara mbili, kila mfereji upate lake, na chini ya kila mdomo weka kipande cha kigae ili maji yasichimbe shimo.

Pampu ya wati 40 ikifanya kazi saa mbili kwa siku inakula kama uniti mbili na nusu za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa mwezi. Tatizo langu na umeme halijawahi kuwa gharama. Tatizo ni taima. Zile za kuzungusha, zenye meno ya dakika kumi na tano, zinasimama umeme ukikatika na kuendelea pale zilipoishia. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tano, pampu yako inachelewa kuamka kwa muda huo huo, na inamwagilia usiku wa manane. Kila umeme ukirudi, nenda ukazungushe saa. Au nunua ya betri ndani.

Hatua ya 6: Kuanzisha

Jaza maji. Ya bomba yaache wazi siku mbili ili dawa ya klorini itoke. Washa pampu na usishangae tenki kupungua sana mara ya kwanza: mchanga mkavu unakunywa lita 200 na zaidi kabla ya kurudisha kitu. Ongeza, endesha siku mbili tatu, tazama uvujaji, tazama kama mifereji inajaa sawasawa na kukauka ndani ya dakika kumi baada ya pampu kuzima.

Panda mboga za majani mara moja: chainizi, mchicha, figili, mnafu. Nyanya na tango zisubiri mzunguko wa pili. Samaki weka wachache. Mimi naweka 25 kwa tenki hili, sato dume watupu ili wasizaliane. Wengine watakwambia mia. Hao wana mashine za hewa na jenereta. Wewe una LUKU.

Vifaranga wanasafirishwa kwenye mfuko wa nailoni wenye oksijeni. Serikali ina kituo cha ufugaji samaki Kingolwira, Morogoro, na wako wazalishaji binafsi. Wakifika usiwamwage. Acha mfuko uelee juu ya maji robo saa, halafu ongeza maji ya tenki kidogo kidogo humo mfukoni, halafu waache watoke wenyewe.

Bakteria wanahitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Kwa bahati vifaranga 25 wa gramu 10 ni robo kilo tu, na asilimia 5 ya uzito huo ni chakula cha gramu 12 kwa siku. Wiki mbili za kwanza wape nusu yake. Wataonekana wana njaa, waache. Wanavyokua unapunguza asilimia hadi 2. Wakifika gramu 250 kila mmoja, ndani ya miezi sita hadi minane, ni kilo sita na robo za samaki wanaokula gramu 125 kwa siku, ambazo ni kama gramu 20 kwa kila mita ya mraba ya jaruba. Mboga zinaila hiyo bila shida. Kilichobaki kinaelea baada ya dakika kumi kitoe, na kesho punguza.

Uangalizi

Tazama mfereji. Baada ya wiki kadhaa utajenga ngozi nyembamba ya kahawia na kijani, inayopasuka ikikauka. Usiifukue. Ile ndiyo mbolea yako inayooza polepole, na inachuja vizuri kuliko mchanga mtupu. Maji yakianza kukaa zaidi ya robo saa ndipo unakwaruza juu juu kwa uma wa bustani, mfereji mmoja leo, mwingine wiki ijayo.

pH iwe karibu na 6.4, kati ya 6 na 7 lala usingizi. Bakteria wanapofanya kazi wanaishusha polepole. Ikienda chini ya 6, kijiko kimoja cha majivu ya kuni kilichokorogwa kwenye ndoo na kumwagwa mferejini kinatosha kwa siku hiyo, na mboga inapata potasiamu humo humo. Kimoja. pH ikipanda ghafla, amonia iliyomo majini inageuka kuwa kali zaidi, na samaki waliokuwa salama asubuhi wanaweza kufa jioni.

Dawa za wadudu sahau. Nyingi za madukani zinaua samaki kwa matone, na za asili zisikudanganye kwa jina. Utupa wazee walikuwa wanautwanga na kuumwaga mtoni ili samaki waelee. Leo watu wanautumia kupulizia vidukari kwenye sukuma wiki. Ukipulizia juu ya jaruba, maji yale yanashuka kwa sato wako ndani ya dakika ishirini. Hata pareto, mwarobaini na dawa za ukungu zenye shaba viache mbali. Vidukari vitoe kwa maji ya mpira na vidole, viwavi waokote na uwatupe tenkini.

Ukiona samaki wanahema juu alfajiri, usilishe. Chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, mara nyingi, au washa pampu kwa mkono, kisha tafuta sababu: umelisha kupita kiasi, au kuna samaki amekufa chini.

Juni na Julai huku kwetu usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14. Sato anapenda 25 hadi 30. Maji yakiwa chini ya 20 hali vizuri, na chakula usichopunguza kinakuwa uchafu tu. Miezi hiyo mimi nalisha mchana mara moja, na mboga zinaishi kwa akiba iliyo mferejini.

Unapovuna, kata shina usawa wa mchanga na uache mizizi. Ikioza inaacha vijia ambavyo maji na hewa vinapita. Mche mpya unaingia pembeni yake, begani mwa tuta, siku hiyo hiyo, na pampu inaendelea na zamu yake.